Kwenye Kuuguza Mlikuwa Wapi?

Msiba wa mtaani kwetu haujapata kukosa watu. Kabla maiti hajaoshwa, turubai limeshafungwa, viti vimeshapangwa, masufuria makubwa yameshatolewa kwa katibu wa chama cha kuzikana, na vijana wa kijiweni wameshabeba majembe kwenda makaburini bila kutumwa na mtu. Fedha ya sanda haikai nusu saa haijatimia. Nawapongeza watu wa Tanga kwa hilo, na nawapongeza kwa moyo safi. Wanaohamia Ngamiani, Makorora na Chumbageni kutoka mikoa mingine hustaajabu wakiona jinsi tunavyozikana, na wana haki ya kustaajabu, maana huo ndio utu.

Sasa nawauliza, enyi hodari wa kuzika: yule bibi tuliyemsindikiza juzi kwa umati ule alilala kitandani miaka mitatu, upande mmoja umepooza. Aliyemuuguza ni mmoja. Miaka yote hiyo mlikuwa wapi?

Majibu yenu nayajua. Tulikuwa tukipita. Tulikuwa tukiulizia hali. Ndiyo, mlikuwa mkipita, tena dirishani: “Pole na kuuguza, dada!” Naye akijibu, “Nishapoa,” nyinyi mkaendelea na safari zenu sokoni. Neno hilo ni jema na mwenye adabu hulisema. Lakini pole haichoti maji wala haifui shuka. Maneno matupu hayavunji mfupa.

Pengine wengi hawajui kuuguza ni kazi gani, ndiyo maana wahenga wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku: ubavu huu, chali, ubavu wa pili, na khanga iliyokunjwa huwekwa baina ya magoti ili mfupa usisuguane na mfupa. Ukipitiwa na usingizi mpaka alfajiri, ngozi ya nyonga au ya kisigino inaanza kubadilika rangi na kushika joto. Siku mbili tatu imechubuka, na usipoiwahi inakuwa kidonda cha kuchimba mpaka kwenye mfupa. Hapo bado hujamlisha. Uji wake unapozwa na kukorogwa uwe na uzito, mwenyewe anakalishwa wima, anapewa kijiko kimoja na kungojwa ameze ndipo apewe cha pili, kwa kuwa ukimharakisha atapaliwa na uji utaingia mapafuni. Hapo bado hujabadili pampasi, hujamwogesha, hujasaga vidonge vya presha, hujafuata ndoo bombani. Na wewe mwenyewe hujanywa hata chai.

Yupo mama mmoja mtaani kwetu aliyekuwa akipika vitumbua barazani kila alfajiri, vikiisha kabla jua halijapanda. Mama yake alipoanguka kwa kiharusi, ndugu walikaa kikao. Kikao chenyewe hakikuwa kirefu, maana wengine wote ni wanaume, ikaonekana kazi imeshapata mwenyewe. Chuma cha vitumbua kikatundikwa ukutani na kipo hapo mpaka leo, kimeshika kutu. Biashara ile ndiyo iliyokuwa ikimlipia mwanawe ada. Hakuna aliyekaa kikao cha pili kuuliza ada sasa inatoka wapi.

Tena si Tanga tu. Shirika la Kazi Duniani lilipopima kazi za kulea na kuuguza zisizolipwa, lilitangaza mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya saa zake hutolewa na wanawake. Basi wanaume wenzangu tusitafute pa kujificha. Tuna vifua na mikono ya kuinua magunia ya mchele bandarini, lakini kumwinua mzee kutoka kitandani kumweka kwenye kiti tunamwachia dada mwenye mgongo mbovu, na kisha tunasema kuuguza ni kazi ya kike. Nani aliyewaambia? Mzee wa kiume anapotaka kuogeshwa, anayemstahi ni mwanamume mwenzake. Kumwachia binti yake kazi hiyo, na nyumba imejaa watoto wa kiume, ni kumvunjia mzee sitara yake na kumtwisha binti haya isiyokuwa ya lazima.

Dini zetu hazikutuacha gizani katika jambo hili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotaja haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, alitaja kumzuru mgonjwa na kusindikiza jeneza katika mafundisho hayohayo. Sisi tumeshika la jeneza kwa mikono miwili, la mgonjwa tumelishika kwa vidole. Ndugu zetu Wakristo nao wanasoma kwamba siku ya hukumu wataulizwa habari ya mgonjwa, kama walikwenda kumtazama. Kila mmoja wetu ameyasikia haya tangu udogoni. Kilichobaki ni kutenda.

Tena kuzuru kwenyewe tumekuharibu. Adabu tuliyofundishwa ni kukaa kidogo, kuomba dua, na kuondoka. Siku hizi wageni huja wanne, wakaketi tangu adhuhuri mpaka alasiri, na yule anayeuguza huacha kumgeuza mgonjwa ili awachemshie chai. Chai ikinywewa, zinaanza hadithi za fulani aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, mgonjwa akizisikia, kwa kuwa aliyepooza ulimi hakupooza masikio. Mmoja anaagiza mlonge, mwingine mwarobaini, wa tatu anamjua mganga wa Handeni. Na wako wanaotoa simu na kumpiga picha mgonjwa hali amelala nusu uchi, wakaitupa kwenye kundi la ukoo, ati watu wapate kuomba. Kumwombea mtu kunahitaji umwone mbavu? Wenye tabia hiyo waiache leo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgonjwa nasema jembe litolewe siku ya kwanza: ukiingia, kamata ndoo.

Nao ndugu walio mbali nisiwasahau. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini fimbo hizi za mbali zina kelele. “Dawa umempa? Mbona amekonda? Mbona hukutuambia mapema?” Namjua mmoja aliyeshuka na basi kutoka Dar es Salaam, akafunua shuka, akaona kidonda, akamkaripia dada yake mbele ya majirani hata dada yule akalia. Jioni akapanda basi la kurudi. Usiku ule kidonda kilifungwa na nani? Ndugu zangu, mnaotuma fedha kwa simu mnafanya vyema, Mungu awazidishie, tumeni tena. Lakini mwenye kutuma fedha hakununua haki ya kumtukana mwenye kukesha. Chukueni likizo zenu muje mkeshe wiki moja, dada alale. Wiki hiyo itawafundisha zaidi ya simu zote mlizopiga.

Msije mkaniambia kwamba kusaidiana kuuguza ni jambo la Ulaya lisilowezekana kwetu. Wenye umri wa kukumbuka na wakumbuke. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Miaka yote iliyo katikati wagonjwa walilala majumbani, wakabebwa na bibi zao, shangazi zao na majirani. Shirika la WAMATA lilianzishwa mwaka 1989, PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam ikafuata mwaka 1992, wakapatikana watu wa kawaida wa mitaani waliokubali kuingia nyumba ambazo wengine walizipita mbio kwa hofu. Waliingia na glavu na sabuni, wakaosha watu wasio ndugu zao, wakafundisha wenye nyumba namna ya kumwinua mgonjwa na kumlisha. Wengi wao hawakupata hata nauli. Ikiwa tuliweza wakati ule wa hofu, leo kiharusi, saratani na usahaulifu wa uzeeni, ambavyo haviambukizi mtu, vinatushinda kwa lipi?

Na mzigo huu unakua. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, kiasi cha sita wana maradhi ya kupotewa na akili uzeeni. Hao ndio wale wazee tunaosikia wametoka usiku na kupotea, na wengine, Mungu atusamehe, wameitwa wachawi kwa sababu walionekana uani kwa jirani hawajui walipo. Anayemuuguza mzee wa namna hiyo hana usiku wala mchana. Akienda chooni lazima afunge mlango wa mbele kwa kufuli.

Wako watakaosema serikali ifanye. Na ifanye, sikatai. Januari 2024 ilizinduliwa programu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaotarajiwa kufika zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, na ni jambo la heri. Zanzibar walianza pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, na Kenya wana mpango wao wa Inua Jamii. Nasi bara tungependa kuona wazee wetu wote wakipata. Hata hivyo fedha hainyanyui mtu kitandani, na mhudumu mwenye mamia ya kaya hawezi kukaa kwa mmoja kutwa nzima. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe iliitegemea familia na jamii. Jamii ni nani kama si mimi na wewe tunaotenganishwa na ukuta?

Vyombo vya kufanyia kazi hii tunavyo, hatuna haja ya kuvitengeneza upya. Chama cha kuzikana kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari lenye majina ya nyumba zote. Vikoba vya kina mama vinakutana kila wiki. Mjumbe anajua nani anaumwa na nani amehama. Madrasa zipo, jumuiya ndogondogo za makanisa zipo. Daftari lile lile linaloandika nani katoa mchango wa sanda liandikwe ukurasa wa pili: nani atakaa na mgonjwa wa nyumba gani, siku gani, asubuhi au jioni. Mke wa fulani akae Jumanne, mwenye kuuguza aende kliniki akapimwe presha yake mwenyewe, maana wengi wao wanaumwa na hawajui. Fulani apike siku ya Alhamisi, sufuria ya pili ya wali iende kwenye nyumba hiyo, na asingoje kurudishiwa chombo kimejaa. Mwenye bodaboda au bajaji atoe safari moja ya hospitali kwa mwezi bila nauli. Vijana wajaze mapipa ya maji. Kiti cha magurudumu kilichoachwa na marehemu kisilale stoo kikioza, kipelekwe kwa katibu pamoja na masufuria, kiazimwe kwa anayekihitaji.

Zaidi ya hayo, wanaouguza wakutanishwe wenyewe kwa wenyewe. Mara moja kwa mwezi, majirani wakishika zamu majumbani, wakae hata barazani kwa mtu, muuguzi wa zahanati aje awaonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo na namna ya kusafisha kidonda. Akimaliza aondoke, wao wabaki wasukane nywele, wapakane hina, walie kama wanataka kulia, wacheke. Kuna mambo mtu hawezi kumwambia asiyeuguza. Atamwambiaje kwamba jana usiku alichoka hata akatamani mama yake apumzike? Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini mwenye kovu mwenzake humwelewa bila maelezo mengi.

Mtasema fedha hakuna, hali ni ngumu. Hapo nitasema lililonikaa rohoni siku nyingi, hata kama silo nililokusudia. Fedha hakuna, lakini kadi za michango ya harusi hazikauki! Kicheni pati ina kamati yake, sendofu ina yake, harusi yenyewe ina yake, na kila kamati ina vikao vya miezi mitatu. Mtu anayepanga chumba kimoja anachangishwa ili watu wale keki ukumbini usiku mmoja, na asipotoa anapigiwa simu kama mdaiwa. Bwana harusi anaanza ndoa kwa deni la mapambo. Sipingi harusi, ni furaha na ni sunna. Napinga ushindani huu wa kumbi uliotuingia, unaofanya tumkumbuke mtu akioa na akifa, tukamsahau akiumwa. Robo tu ya mchango wa sendofu moja ingenunua godoro zuri la mgonjwa na pampasi za miezi kadhaa.

Basi turudi kwenye daftari. Chama chetu kinakutana Jumapili ijayo baada ya alasiri, na nimemwomba katibu aliweke jambo hili mbele ya hesabu za masufuria na viti. Kila mwanachama aje akijua nyumba inayouguza karibu naye na aitaje, hata kama wenyewe ni wapangaji waliohamia mwezi uliopita na hawajalipa kiingilio. Zamu za usiku ndizo ziandikwe kabla ya za mchana, kwa kuwa mchana watu hupita, usiku hapiti mtu. Wanaume waandikwe kwa wagonjwa wa kiume, wanawake kwa wa kike, na mwenye udhuru aseme palepale, asije akakimbia saa nne ya usiku. Mimi nimeomba usiku wa Jumatano kwa yule mzee anayekaa nyuma ya msikiti, na bado anatakiwa mtu wa Ijumaa.