Kikopo cha Mkojo Kijaribiwe Kwanza Kijijini

Wapimaji wa afya wakifika kijijini na kuomba mkojo, wengi hucheka, wengine huona haya, na wengine huuliza: "Mnaupeleka wapi?" Swali hilo ni halali. Lijibiwe kabla ya kikopo cha kwanza kugawiwa.

Chukua mfano wa kichocho. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yake hutoka na mkojo. Mtaalamu huchuja mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai, kisha huhesabu mayai kwa hadubini. Yakifika 50, ugonjwa ni mzito. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali penye wagonjwa 10 au zaidi katika kila watu 100, watu wa umri wa miaka 2 na kuendelea wapewe dawa ya prazikwanteli kila mwaka. Basi vikopo vichache vyaweza kuamua dawa ya kijiji kizima.

Lakini mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Saa hizo mkulima yuko shambani. Mpimaji anayekusanya alfajiri kwa sababu gari linawahi kurudi mjini atahesabu mayai machache, na kijiji kitaandikwa kizima kumbe kinaumwa! Tena mtoto aliyeshindwa kukojoa humwomba mwenzake ammiminie kidogo. Msichana aliye katika siku zake naye huweza kudhaniwa anakojoa damu ya kichocho.

Kwa maoni yangu, kabla ya kupima mkoa mzima, kazi hii ijaribiwe katika kijiji kimoja au viwili. Ihesabiwe ni wangapi walikubali, wangapi walirudisha vikopo vitupu, choo kiko mbali kiasi gani, na mkojo ulikaa juani muda gani, maana mayai huweza kuanguliwa kabla ya kuhesabiwa. Kuwajaribu watumishi wa ofisini, wenye choo cha mlango na maji, hakutufundishi kitu.

Nawe uliza mkojo wako utapimwa nini. Waliokuja kwa ajili ya kichocho wasipime mimba kimyakimya. Uliza pia majibu yatarudi lini. Ukiridhika, kajaze kikopo mwenyewe, wala usiyaache matone ya mwisho, kwani damu ya kichocho mara nyingi huonekana hapo.