Mahari Yake, Gari Lake



Safari hii tumeletewa swali lisilohusu hina wala udi. Mdogo wetu mmoja, binti wa kisiwani aliyeolewa Uingereza, kapokea mahari yake na hataki dhahabu. Anataka Mazda MX-5 ya mtumba, aitengeneze kidogo kidogo, awe anaiendesha kwenye viwanja vya mbio. Mume karidhia. Mashangazi ndio waliokuja juu: mwanamke na gari la mbio wapi na wapi? Sisi tunasemaje?

Tunasema anunue. Lakini tuna masharti, shoga, kwa hivyo soma mpaka mwisho.

Mahari ni haki ya mke. Si ya baba, si ya shangazi, wala si ya mume aliyeitoa. Tunawaambia maharusi hivyo kila siku, halafu mmoja akitaka kuitumia kwa jambo tusilolizoea tunamtolea macho. Seti ya dhahabu ya kuvaliwa mara mbili kwa mwaka hatuiiti israfu, mbona gari tuliite? Na mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akashinda, na safari nyengine akashindwa. Mwaka 2018, wanawake wa Saudia waliporuhusiwa kuendesha, Aseel Al-Hamad aliendesha gari la Formula One huko Ufaransa.

Sasa masharti yetu.

La kwanza, asikope kwa riba. Gari la starehe halifai kuingiza nyumba changa kwenye deni. MX-5 ilianza kuuzwa mwaka 1989, na zimetengenezwa zaidi ya milioni moja, ndiyo maana spea zake hazisumbui. Zile za mwanzo zina uzito usiofika kilo 1,000, kwa hivyo hazili matairi na breki kama magari mazito. Lakini rahisi huwa ghali. Agawe pesa mafungu mawili: moja la kununulia, jengine la kutengenezea. Akizimaliza zote siku ya kununua, gari litakaa uani limefunikwa turubai.

La pili, asidanganywe na rangi. Uingereza hutiwa chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula bati. Ainame aangalie chini ya milango na karibu na magurudumu ya nyuma. Injini hutengenezeka; bodi iliyooza ni msiba.

La tatu, asianze na nguvu za injini. Aanze na breki: pedi nzuri na mafuta mapya ya breki yanayostahimili moto, kwa sababu mafuta ya zamani huwa yamenyonya maji, yakipata joto yanachemka na pedali inazama. Kisha matairi, kisha shokomzoba. Gari hili halina paa gumu, basi atie upinde wa chuma wa kumkinga likipinduka. Viwanja vingi havimpokei bila ya huo. Aulizie na bima pia, maana ile ya barabarani mara nyingi haihesabu uwanjani. Na pesa bora kuliko zote ni za mwalimu.

Hapo ndipo penye suala letu wenyewe. Gari lina viti viwili tu. Mwalimu akiwa mwanamme, watakaa wawili bega kwa bega. Aombe mwalimu wa kike mapema, wapo. Akimkosa, mume aliyeridhia na asome yeye kwanza, halafu amfundishe mkewe.

Mavazi nayo: baibui pana hunasa kwenye pedali. Avae suruali pana kiasi na shati refu, viatu vya soli nyembamba, na ushungi wa pamba uliobana chini ya helmeti. Pini hata moja isiwepo kichwani.

La mwisho ndilo zito. Mwendo wa kasi abaki nao uwanjani. Siku hizo za mazoezi hakuna mshindi wala kombe. Kupitana kuna utaratibu wake, na magari yote yanakwenda upande mmoja. Barabarani kuna mtoto wa mwenzio anavuka. Roho ni amana, yako na ya mwenzio. Siku atakayojiona anakimbiza gari mtaani, aliuze siku hiyo hiyo.

Kwa mashangazi tunasema haya kwa heshima zote: mnaogopa aibu, na sisi tunaogopa ajali. Aibu hamna hapa. Ajali, tumuombe Mungu na tukaze mkanda.

Tunakutakia ndoa yenye kheri, mdogo wetu, na breki zinazoshika.

Wabillahi tawfiq.