Testi haikosi wapenzi, inakosa mlezi

Mpenzi msomaji, hebu nikutegee kitendawili cha Jumapili. Ni mchezo gani unaochezwa siku tano, wachezaji wakikatiza kwenda kula chakula cha mchana, wakarudi, wakakatiza tena kwenda kunywa chai, na pengine siku ya tano jioni ikafika pasiwe na mshindi wala mshinde, na bado watazamaji wakaenda zao wameridhika?

Ukijibu kriketi, umepata. Lakini sisemi kriketi ile inayoanza jua likizama na kwisha kabla watoto hawajalala. Nasema ile ya zamani, ya nguo nyeupe na mpira mwekundu, iitwayo testi. Kwa miaka mingi sasa tunaambiwa kwamba mchezo huu uko mahututi. Leo nataka tumtazame mgonjwa huyu sote pamoja, kwani nahofia kwamba wengi wanaomlilia hawajajua anaugua nini.

Kwa wale wasioufahamu, mambo ni haya. Timu mbili za watu 11 hupokezana zamu, na kila timu ina zamu mbili za kupiga. Mrushaji hurusha mpira akilenga vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini. Mpigaji huvilinda vijiti hivyo kwa gongo lake. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na hapo timu yao hujipatia mkimbio mmoja. Wapigaji 10 wakishatolewa, zamu imekwisha. Hiyo ndiyo kriketi. Yaliyobaki ni subira.

Testi ya kwanza ilichezwa mjini Melbourne mwezi Machi 1877, na Australia wakawashinda Waingereza kwa mikimbio 45. Zamani hizo hata siku tano zilionekana chache. Mwaka wa 1939 Waingereza walicheza na Afrika Kusini mjini Durban mechi isiyokuwa na kikomo cha siku. Ilianza Machi 3, ikaachwa Machi 14, wala si kwa sababu mshindi alikuwa amepatikana. Waingereza walikuwa wamebakisha mikimbio 42 tu washinde, lakini meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inawangoja Cape Town, ikabidi waikimbilie garimoshi. Mechi ikawa sare.

Basi si ajabu kwamba watu walianza kutafuta njia ya mkato. Januari 1971 mvua iliharibu testi huko Melbourne, na ili watazamaji wasipoteze siku yao, pakachezwa mechi ya siku moja. Watu wakaipenda. Mwaka wa 1975 pakawa na Kombe la Dunia la mechi za siku moja, na West Indies wakalitwaa. Mwaka wa 2003 Waingereza wakaupunguza mchezo tena, kila timu ikapewa ova 20 peke yake, yaani mipira 120. India nao wakaja na ligi yao ya ova 20 mwaka wa 2008, wakatia humo fedha, muziki na waigizaji wa sinema, na dunia ya kriketi haikurudi tena ilivyokuwa.

Kila mara, msomaji wangu, watu walisema: sasa testi imekufa. Je, imekufa kweli?

Hebu twende Melbourne kule kule ilikozaliwa. Katika testi kati ya Australia na India iliyoanza siku ya pili ya Krismasi mwaka wa 2024, watu waliohudhuria kwa siku zote tano walihesabiwa kuwa 373,691. Hakuna testi iliyowahi kuvuta watu wengi kiasi hicho katika uwanja huo. Halafu tazama Uingereza mwaka wa 2025, walipokutana na India kwa testi tano. Kila mojawapo ilifika siku ya tano. Ile ya mwisho, mjini London, India walishinda kwa mikimbio sita tu. Chris Woakes wa Uingereza, bega limemteguka, alitoka kwenda kupiga mkono mmoja umefungwa ndani ya sweta yake. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Huo si mchezo uliokosa wapenzi.

Sasa toka hapo twende visiwa vya Karibi. Mnamo Julai 14 mwaka huo huo wa 2025, mjini Kingston, Jamaika, West Indies waliingia kupiga zamu yao ya pili dhidi ya Australia. Wapigaji wote wakatolewa kwa mikimbio 27. Nasema 27 kwa timu nzima! Katika miaka yote tangu 1877 ni zamu moja tu iliyowahi kuwa mbaya kuliko hiyo, ya New Zealand mwaka wa 1955, waliopata 26.

Wazee wanaoufuata mchezo huu walishika vichwa, na walikuwa na haki. Kuanzia 1980 hadi 1995, chini ya manahodha Clive Lloyd, Vivian Richards na Richie Richardson, West Indies hawakushindwa katika mfululizo wowote wa testi. Miaka 15! Warushaji wao waliogopwa kama radi. Visiwa vile vidogo, vingine vikiwa na watu wachache kuliko wilaya moja ya kwetu, vilikuwa vikiwatetemesha waliokuwa wakoloni wao, na kila mtoto wa huko alitembea kifua mbele.

Ni nini kilichowapata? Sababu ni nyingi, zikiwemo uongozi mbaya na mizozo ya nyumbani. Lakini iliyo kubwa sasa ni fedha. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Katika kriketi ya leo methali hiyo imepinduliwa: anayetuzwa ni yule aendaye kucheza kwa wenyewe. Haki za kutangaza ligi ya India kwa miaka mitano, kuanzia 2023 hadi 2027, ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni sita za Kimarekani. Kijana wa Trinidad akiitwa huko kwa majuma machache, huenda akarudi na kitita ambacho timu ya taifa lake haiwezi kumpa kwa mwaka mzima. Nicholas Pooran, mmoja wa wapigaji hodari kabisa wa Karibi, alistaafu kutoka timu ya taifa mwezi Juni 2025 akiwa na miaka 29. Hakuwahi kucheza testi hata moja.

Usimlaumu, msomaji. Maisha ya mwanamichezo ni mafupi, na ana jamaa wa kulisha. Mimi na wewe tungalikuwa mahali pake, sijui kama tungalikataa.

Nataka tuitazame meza yenyewe. Baraza la kriketi la dunia huwagawia wanachama wake mapato yake, na kwa mpango wa kuanzia 2024 hadi 2027 iliripotiwa kwamba India peke yake inachukua asilimia 38.5. Mgala muue na haki mpe: India ndiyo iletayo sehemu kubwa ya fedha hizo, kwa kuwa ndiko waliko watazamaji wengi zaidi. Lakini hebu fikiria nyumba yenye watoto 12, maana nchi zichezazo testi ni 12. Watoto watatu, India, Uingereza na Australia, wanakula wakasaza, na wanaalikana wao kwa wao kila mara. Waliobaki wanalamba sufuria. Kisha mgeni anapita, anaona wale wadogo wamekonda, na kusema, “Watoto hawa hawapendi kula.”

Ndivyo tusemavyo tukidai kwamba watu wa Karibi, Zimbabwe au Sri Lanka wameichoka testi. Testi ni ghali kuiandaa. Siku tano za kulipia uwanja, waamuzi, hoteli na matangazo si mchezo, na akija mgeni asiyevuta watangazaji wa televisheni, mwenyeji huishia hasara. Ndiposa wengi hucheza mechi mbili kisha wakafunga virago.

Afrika Kusini ni mfano wa karibu. Mapema mwaka wa 2024 walitakiwa kucheza testi mbili huko New Zealand, lakini wachezaji wao mahiri walikuwa wamefungwa na mikataba ya ligi ya nyumbani ya ova 20. Wakapeleka kikosi cha watu 14, saba kati yao hawajawahi kucheza testi, nahodha akiwa mmojawapo. Wakachapwa zote mbili. Naam, Juni 2025, timu yao kamili ilipokutana na Australia jijini London katika fainali ya testi ya ubingwa wa dunia, ilishinda! Aiden Markram alipata mikimbio 136. Nahodha Temba Bavuma, kijana wa mtaa wa Langa huko Cape Town, alipata 66 huku akichechemea kwa msuli wa paja. Katika kampeni nzima ya kufikia fainali walikuwa wamecheza testi 12, Waingereza wakicheza 22. Na msimu wa nyumbani uliofuata, wa 2025/26, mabingwa hao wa dunia hawakuandaliwa kwao hata testi moja ya wanaume, kwa kuwa viwanja vilikuwa vikitengenezwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la siku moja la 2027. Bingwa asiyeonekana kwao!

Pengine unajiuliza haya yanatuhusu nini sisi wa Kenya. Yanatuhusu, tena sana. Februari 29, 1996, mjini Pune, India, vijana wetu chini ya nahodha Maurice Odumbe walipata mikimbio 166 tu, kisha wakawatoa West Indies wale wale wa Richardson na Brian Lara kwa mikimbio 93. Mwaka uliofuata tulikutana na Bangladesh katika fainali ya kombe la wanachama wadogo huko Kuala Lumpur. Steve Tikolo alipata mikimbio 147 peke yake, lakini tukashindwa kwa mpira wa mwisho kabisa. Mwaka wa 2000 Bangladesh wakafunguliwa mlango wa testi. Sisi tukabaki barazani tukibisha hodi.

Mwaka wa 2003 tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na tukapewa pointi zao, lakini Sri Lanka walikuja, na Collins Obuya akawatoa watano katika uwanja wa Gymkhana. Baada ya hapo tulihitaji kualikwa na wakubwa mara kwa mara, ili vijana wakomae. Mialiko ikawa haba. Nyumbani nako tukagombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu uongozi na malipo. Hilo hatuwezi kumsukumia mtu mwingine. Kufikia 2014 hata ile hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja tulikuwa tumeipoteza. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba mchezo hauwezi kufa kwa njaa. Tulishuhudia kwa macho yetu.

Lakini sitaki kukuacha na huzuni Jumapili. Turudi kwa hao hao West Indies, Januari 2024, mjini Brisbane, Australia. Katika kikosi chao alikuwemo kijana Shamar Joseph, kutoka kijiji cha Baracara nchini Guyana, ambacho hufikiwa kwa boti. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi ya ulinzi. Katika zamu yake ya kupiga, mpira wa kasi ulimgonga kidole cha mguu, akasaidiwa kutoka uwanjani, na wengi wakaona kwake mechi imekwisha. Siku iliyofuata alirudi na kidole chake kile kile kibovu, akarusha bila kupumzika, akawatoa Waaustralia saba. West Indies wakashinda kwa mikimbio minane. Walikuwa hawajashinda testi katika nchi hiyo tangu 1997. Lara, aliyekuwa akitangaza mechi hiyo, alishindwa kuyazuia machozi.

Sasa niambie, msomaji: jambo kama lile lingeweza kutokea katika mechi ya saa tatu? La hasha. Lilihitaji jana ya kuumia na leo ya kurudi. Hiyo ndiyo siri ya testi. Humpa mtu nafasi ya kuanguka na kuinuka tena, jambo ambalo sisi tunaolea watoto twalijua thamani yake. Mtoto hahukumiwi kwa jioni moja.

Dawa, kwa maoni yangu, haihitaji mganga kutoka mbali. Mapato yagawanywe ili mwenyeji mdogo asipate hasara akiandaa testi. Ligi za fedha nazo zitengewe miezi yake, na testi miezi yake, ili kijana asilazimishwe kuchagua baina ya bendera na unga. Wakubwa wakumbuke pia kwamba watatu hawawezi kuchezeana wao kwa wao milele. Siku watakapobaki peke yao mezani, hata hicho chakula hakitakuwa na ladha.

Nakutakia Jumapili njema wewe na jamaa yako.