Inchi 32 zinatosha

Uliyepanga chumba kimoja Misuna au Mandewa, hapa Singida mjini, usikubali kusukumiwa runinga ya inchi 43. Chumba cha futi 10 kwa 10, kikishaingia kitanda na kabati, hubakiza kama mita mbili kati ya macho na ukuta. Hapo inchi 32 zinatosha kabisa. Inchi hizo hupimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe, yaani takribani sentimita 81, ila upana ni kama 71 tu, basi pima meza kwanza. Fedha inayobaki nunulia kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka. Huo ndio unaoua runinga nyingi, na mimi hili nalisisitiza kuliko yote. Uliza kama ina kipokezi cha dijitali ndani, maana matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Desemba 31, 2012. Kisha iwashwe dukani, uitazame ukiwa ubavuni. Rangi zikififia, iache: siku Singida Black Stars wanacheza, majirani hukaa hadi mlangoni, na aliye pembeni naye anastahili kuuona mpira.