Makelele ya Olympia

Wako wasomi wasemao kwamba santuri iliyonaswa mbele ya hadhira ni kumbukumbu chafu, na kwamba mwanafunzi wa jazi ya asili hana budi kuzitegemea zile za studio, ambamo kila sauti husikika safi. Hoja hiyo ina sura ya elimu, lakini imepotoka.

Na itazamwe santuri ya Sidney Bechet iliyonaswa katika ukumbi wa Olympia, Paris, tarehe 19 Oktoba 1955. (Jazi itajwayo hapa ni ile ya New Orleans, siyo dansi ya bendi za Afrika Mashariki zilizojiita Jazz.) Bechet alipiga saksafoni ya sauti ya juu, akifuatana na bendi ya Claude Luter na ya André Réwéliotty, wapiga klarineti wote wawili. Basi viongozi watatu, wote wapulizaji wa ala zenye tete, kama zumari. Kiingilio kilikuwa bure, kwa kusherehekea santuri yake ya milioni kuuzwa. Vijana wakafurika, milango ikasukumwa, viti vikavunjwa.

Kuvunja viti hakusifiwi. Lakini muziki huu ulilelewa barabarani, maziko­ni na katika kumbi za dansi, na mpigaji wake huwasikia walio mbele yake, akarudia, akakaza, akarefusha. Santuri ya kale ya mizunguko 78 ilimpa dakika kama tatu tu. Kilichokatwa na mtambo ndicho wasomi wakakiita umbo la sanaa!

Mwaka 1941 Bechet mwenyewe alinasa “The Sheik of Araby” peke yake, akipiga ala sita, moja juu ya nyingine. Ni ajabu kubwa ya ufundi. Hata hivyo hakuna humo mtu wa kumshtua. Klarineti yaijibu saksafoni kwa pumzi ile ile.

Ni kweli kwamba kelele hufunika besi, na kwamba shangwe humtia mpigaji tamaa ya kutetemesha sauti kupita kiasi. Hilo ni kosa lipasalo kuhukumiwa. Je, atalihukumuje asiyeusikia umati uliomshawishi? Wasomi hao hao, wakusanyapo nyimbo za ngoma, huandika kiitikio cha waitikiaji neno kwa neno, wala hawakifuti ili sauti ya mwimbishaji ibaki safi.