Saa Nane ya Kompyuta

Akina mama wenzetu, mwezi huu tuzungumze kidogo juu ya Kiingereza, lugha inayoandikwa hivi na kusomwa vile.

Sisi tunaopita Kariakoo kila siku tunaishi ndani ya neno la Kiingereza. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka jina kama walivyolisikia: Kariakoo. Zile herufi "p" na "s", ambazo Mwingereza huziandika bila kuzitamka, wakamwachia mwenyewe. Walifanya vizuri, maana "corps" ukiiongezea "e" mwishoni inageuka kuwa maiti, na sisi wauguzi tunayo kazi ya kutosha.

Sasa Kiingereza hicho kimehamia kwenye kompyuta. "Save" kanisani ni kuokoa, benki ni kuweka akiba, na kwa binti wa steshenari anayetuchapia barua ni kuhifadhi tu. "Mama, nimesevu," anasema, nasi tunamwelewa.

Hayo ni ya kuchekesha. Linalotusumbua kazini ni saa. Mswahili anaanza kuhesabu jua linapochomoza, kompyuta inaanza usiku wa manane. Kliniki inatuma ujumbe kwenye simu: "Njoo kesho 8:00." Mama anasoma saa nane, anafunga genge lake mchana wa jua kali, anafika na kukuta kliniki ya asubuhi imekwisha zamani.

Tena kuna lebo za dawa: "8:00 AM, 8:00 PM." Herufi hizo hata Kiingereza si chake, ni Kilatini, kabla na baada ya adhuhuri. Tulimpata mama mmoja aliyekuwa akimwamsha mtoto saa nane za usiku kumnywesha dawa. Muda kati ya dozi na dozi ulikuwa saa kumi na mbili kamili, na mtoto akapona. Mama ndiye aliyekuja na macho yamevimba. Lakini je, ingekuwa insulini? Sindano ya kabla ya chakula cha jioni ikichomwa saa nane usiku, watu wamelala na sufuria zimeoshwa, sukari inaweza kushuka hadi mgonjwa azimie asiamke.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukiona 7 hadi 12, toa sita. Ukiona 1 hadi 6, ongeza sita. Simu ikiandika 20:00, toa kwanza kumi na mbili, ndipo utoe sita.

Kama hesabu inakuchosha, mwombe muuguzi akuandikie pembeni kwa kalamu: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Akinuna, mwambie ni sisi tuliokutuma.