Ujuzi Hauzeeki

Yeyote aliyewahi kusimama kando ya kiwanja cha tenisi saa za jioni, watumishi wanapotoka kazini, amekwisha kuliona jambo hili. Upande mmoja yupo kijana mwenye miguu mepesi na mkono wenye nguvu. Upande wa pili yupo mzee mwenye mvi na kitambi. Mtazamaji mgeni humhurumia mzee. Lakini haupiti muda mrefu kijana huanza kuhema, akikimbia kutoka pembe hii hadi pembe ile, ilhali mzee hupiga hatua mbili tatu tu, na kila mpira ufikapo humkuta amekwisha kusimama, raketi i tayari. Mchezo ukiisha, kijana hunung'unika kwamba mzee ana bahati, mipira inamfuata. La hasha! Mpira haumfuati mtu. Mzee ndiye aliyeutangulia.

Wahenga walinena kwamba ujuzi hauzeeki. Yafaa basi kuuliza: ujuzi huo ni kitu gani, na hukaa wapi mwilini? Watu wengi hudhani kwamba ni nguvu za mkono, mbio za miguu, au macho makali. Hivyo vyote husaidia, lakini vyote hupungua kwa umri. Stadi hasa ni yule awezaye kulipata alilolikusudia, mara nyingi na kwa uhakika, bila kupoteza nguvu wala wakati. Kwa kipimo hicho, pigo moja zuri la kupendeza macho halimfanyi mtu kuwa stadi, kama vile chungu kimoja cha wali ulioiva vema hakimfanyi mtu kuwa mpishi.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini macho na mbio havitoshi. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77. Wachezaji mashuhuri wa kiume huweza kuanzisha mchezo kwa pigo lenye mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hata baada ya kupunguzwa kasi na hewa na kwa kudunda chini, mpira huo humfikia mpokeaji kwa muda wa takriban nusu sekunde. Sasa, mwanadamu aonapo jambo huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla viungo vyake havijaanza hata kujongea. Bado ageuze bega, apige hatua, na kuileta raketi mahali pake. Mpokeaji anayengoja mpaka auone mpira umekwisha kushika njia yake, aghalabu amekwisha kuchelewa. Na katika mpira wa meza, ambapo meza yenyewe ina urefu wa mita 2.74 tu, nafasi ya kungoja ni finyu zaidi.

Stadi hangoji. Yeye huanza kusoma mapema, wakati mpira ungali upande wa mwenzake. Jambo hili lilichunguzwa na mtaalamu wa Australia, Bruce Abernethy, pamoja na mwenzake katika mchezo wa vinyoya, uitwao pia badmintoni, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Waliwaonyesha watu filamu ya mchezaji akipiga kinyoya, wakaikata kabla kinyoya hakijafika popote, kisha wakauliza kingeangukia wapi. Nyakati nyingine walifunika sehemu fulani ya picha, kama vile raketi au mkono. Ilibainika kwamba wanaoanza kujifunza waliitegemea raketi peke yake. Mastadi waliisoma raketi, lakini pia waliusoma mkono ulioishika, ambao huanza kusema kabla ya raketi kunena. Tofauti yao haikuwa katika ukali wa macho. Ilikuwa katika kujua kukisoma kile walichokitazama.

Mchezaji Andre Agassi wa Marekani alitoa mfano wake mwenyewe. Boris Becker wa Ujerumani alimshinda mara tatu za mwanzo walipokutana, kwa nguvu ya pigo lake la kuanzisha. Agassi akatazama kwa makini filamu za mchezo wa Becker, na kwa maelezo yake akagundua kwamba kabla ya kupiga, Becker hutoa ulimi kidogo, na upande uelekeao ulimi hufichua upande utakaokwenda mpira. Kati ya mara 14 walizokutana, Agassi alishinda 10. Alisema kwamba jambo gumu lilikuwa kuificha siri hiyo, asiitumie kila mara, Becker asije akashtuka. Mkono haukuongezeka nguvu; kilichoongezeka ni maarifa.

Akina mama hawana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Wanawake wawili watwangapo katika kinu kimoja kwa zamu, michi haigongani, wala hakuna anayengoja kuuona mchi wa mwenzake ukishuka. Kila mmoja ameyasoma mabega na pumzi za mwenzake. Vivyo hivyo msichana hodari wa mchezo wa rede hulikwepa pigo kwa kumtazama mrushaji, si kwa kuutazama mpira.

Hapa ndipo penye funzo kwa wazazi na walimu. Mara ngapi mtoto hupewa raketi siku mbili, akakosa mipira, akaambiwa kwamba hana kipaji, na raketi akapewa nduguye mwenye mbio? Mtoto yule huondoka akiamini kwamba mwili wake una kasoro, kumbe hajapewa tu muda wa kujifunza kusoma. Ni dhuluma ndogo isiyoandikwa popote, lakini huweza kumfuata mtu hata utu uzima.

Mwaka 1967 wataalamu Fitts na Posner walieleza kwamba ujuzi hupitia hatua tatu. Kwanza mwanafunzi hufikiri kila jambo: mguu huu hapa, mkono ule pale, hukosea sana na kuchoka upesi. Pili, makosa hupungua naye huanza kuyatambua mwenyewe. Tatu, mwili hutenda bila kuamriwa, na akili hupata nafasi ya kumtazama mpinzani. Kumhukumu mtoto katika hatua ya kwanza ni sawa na kuonja ugali kabla maji hayajachemka.

Namna ya kufanya mazoezi nayo ina maana. Mwaka 1986 Goode na Magill wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya watu waliofundishwa namna tatu za kuanzisha mchezo wa vinyoya. Kundi moja lilirudia namna ile ile kwa muda mrefu kabla ya kuhamia nyingine. Kundi jingine lilizichanganya bila mpangilio. Walipopimwa baadaye, hata kwa kupiga kutoka upande wa kiwanja ambao hawakuuzoea, waliochanganya ndio waliofanya vizuri zaidi. Anayechanganya hulazimika kufikiri upya kila mara, na huo ndio mchezo wenyewe ulivyo.

Basi, nyumbani mtoto aweza kuanza kwa kupiga mpira ukutani, ili mkono uzoee. Lakini ukuta hauna bega wala macho, na hauwezi kumfundisha kusoma. Apatiwe mwenzake wa kucheza naye, mapigo yabadilishwe, na mara kwa mara aulizwe kabla mwenzake hajapiga: "Utakwenda wapi?" Akikosea asichekwe, aulizwe alitazama nini. Na apelekwe kiwanjani jioni amtazame mzee yule mwenye kitambi, si mpira wake, bali mahali anapoelekeza macho.

Siku moja miguu ya mtoto huyo nayo itakuwa mizito. Akiwa amejifunza kusoma, hataondoka kiwanjani kwa sababu hiyo.